Glasi Tatu za Kumtoa Trevor

Jumatatu, 4 Oktoba 1971
Wolverhampton. Mvua. Mpiga gitaa wetu kahamia bendi nyingine, hata kuaga hakuaga. Ni wa nane au wa tisa, nimeacha kuhesabu. Bendi ya Moshi wa Makaa niliianzisha mimi. Jina nililichagua mimi, kwa heshima ya baba aliyefia mgodini. Besi napiga mimi, gari ni langu. Lakini mabango yote yana Trevor, kwa herufi kubwa!

Trevor ndiye mwimbaji. Anaimba bluzi kwa machozi, jinsi alivyochuma pamba kando ya mto Mississippi. Kazaliwa Dudley, hapa hapa Uingereza, juu ya duka la samaki na chipsi! Pamba anayoijua ni ya masikioni.

Jumamosi tunapiga Walsall, klabu ya wafanyakazi. Mtu wa kampuni ya santuri atakuja kusikiliza. Lazima niimbe mimi, la sivyo nitazeeka nyuma ya mgongo wa Trevor.

Jumanne, 5 Oktoba
Kwetu kila mwanamuziki ana kura moja. Kura hupigwa baa, baada ya mazoezi, kwa kuinua glasi. Kanuni niliitunga mimi. Tumebaki watatu: mimi, Trevor, na Len wa dramu, ambaye hucheka hata Trevor akipiga chafya. Kwa hiyo nahitaji watu wangu. Nimemwita Rodney, mtoto wa mjomba. Anapiga gitaa, mpole, na damu ni nzito kuliko maji. Nimemwongeza Cyril, mpiga kinanda cha mdomo, ambaye hajawahi kumkatalia mtu chochote.

Trevor kauliza kinanda cha mdomo cha nini. Nikamwambia ni cha kuongeza huzuni. Kajibu kwamba huzuni ipo tele, kila nikishika besi. Len kacheka mpaka kakohoa. Chekeni tu!

Alhamisi, 7 Oktoba
Ushindi! Glasi tatu juu, mbili mezani. Trevor nje! Nilitegemea matusi. Yeye kavaa koti taratibu, kasema, "Haya, Norris. Kila la heri, kaka." Roho iliniuma. Nikaagiza pai ya nyama, ikatulia.

Ijumaa, 8 Oktoba
Mazoezi pale baa. Nimeimba kwa moyo wote, macho nimefumba. Nilipofumbua, mbwa wa baa hayupo. Bi Doreen, mwenye baa, kasimama mlangoni anauliza nani kaumia.

Rodney kasema kwa upole kwamba tupige kura. Nikajua ni ya kunipongeza. Nikawa wa kwanza kuinua glasi! Kumbe ni ya kunitoa. Glasi nne, yangu ikiwemo. Nikapinga kwamba yangu haihesabiki. Len kasema, "Kanuni ni kanuni, bwana, na uliitunga mwenyewe." Ataimba Rodney. Kisha huyo huyo Rodney kaniuliza kama kesho wanaweza kutumia gari langu. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nimewapa funguo. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Oktoba
Habari za Walsall zimefika kanisani kabla ya mchungaji. Rodney kaimba, watu wamepanda juu ya viti, na mtu wa santuri kawachukua wote watatu. Jina nililochagua kwa heshima ya baba litazunguka kwenye santuri na mimi simo. Nimelia jikoni, na sioni haya kusema.

Jioni mlango umegongwa. Trevor! Kalowa chapachapa, mkononi chipsi zimefungwa kwenye gazeti. Kasema, "Wametumaliza sote wawili, mzee. Zina siki, kula." Tumekula mpaka gazeti likabaki tupu. Halafu tumeanzisha bendi. Yeye mwimbaji, mimi besi. Kura kwa glasi, kama kawaida.

Sasa anakoroma kwenye kochi langu. Mtu mwema, kwa kweli. Ila kura ni sare, yake moja na yangu moja, na mimi nahitaji moja tu ya ziada ili niimbe. Rodney ana mdogo wake. Naye anapiga gitaa, na ni mpole kumshinda kaka yake. Kesho asubuhi nampigia simu.