Kidole cha Sita cha Kishindo

Ndugu Mhariri wa katuni za Kishindo,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, kwa kuwa nataka uisome ukiwa na nguvu za kutosha kuona haya.

Mimi ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuona kosa kabla halijawa aibu mbele ya watu elfu tatu. Ndiyo maana katika toleo lenu la nne, miaka kumi na miwili iliyopita, Kishindo alipokuwa akiruka juu ya paa la soko, niliona jambo ambalo wasomaji wengine walilipita: glavu yake ya kushoto ilikuwa na vidole sita. Niliwaandikia kwa adabu. Mlinijibu kwa kadi yenye maneno mawili tu, "Vuta subira," nami nikaichukulia kuwa jeuri ya watu wanaoficha uzembe.

Sasa mmetoa toleo la mia moja arobaini na nane. Kishindo amefungiwa ndani ya ghala la Daktari Kutu, maji yamemfika kidevuni, na kufuli la mlango lina matundu sita ya vidole. Anaingiza mkono wa kushoto. Mlango unafunguka. Wasomaji wanashangilia. Mimi niliketi kitako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kosa ni kosa. Haliwezi kulala miaka kumi na miwili halafu likaamka likiwa hekima. Hata maziwa yakikaa siku nyingi mno hatuyaiti mtindi, tunayamwaga.

2. Mmeniharibia kazi. Tangu toleo hilo litoke, hakuna mwandishi anayekubali kusahihishwa. Mmoja ana riwaya ambamo mjane anafariki ukurasa wa thelathini na kupika chai ukurasa wa arobaini. Nilipomwuliza, aliniambia nisiwe na pupa. Wiki iliyopita tulichapa kalenda yenye Februari ya siku thelathini na moja. Mteja alipokuja juu, meneja wangu, ambaye naye ni msomaji wenu, alimshauri asubiri Desemba.

3. Hili ndilo linaloniuma. Nina kaka mmoja tu, seremala, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Toleo la nne tulilisoma pamoja kwenye benchi la karakana yake, yeye akifungua kurasa kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikasema ni kosa. Akasema ni mpango. Tukabishana mwaka wa kwanza, tukabishana wa pili. Siku alipohamia nyumba mpya, alisema mbele ya wageni kwamba mimi nikionyeshwa mbingu nitatafuta nukta iliyokosekana. Watu wakacheka. Nikaweka sahani chini, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Huu ni mwaka wa tisa hatujasemezana. Salamu hupitia kwa wifi yangu, nazo hunifikia zimeshapoa. Toleo hili jipya lilipotoka, wifi alinipigia simu kuniambia tu kwamba kaka amelinunua. Hakuongeza neno, wala hakuwa na haja.

4. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tufuate hoja. Kama mlikipanga kidole hiki tangu mwanzo, basi mlijua tangu mwanzo kwamba nimekosea, mkaniacha niendelee kukosea kwa sauti kubwa mbele ya ndugu yangu. Anayemwona mwenzake akielekea shimoni akanyamaza, ana sehemu yake katika shimo hilo. Mngeongeza maneno mawili tu, "Ni makusudi," leo ningekuwa na kaka.

Ninachoomba ni kidogo. Katika toleo lijalo, ukurasa wa kwanza, chapisheni masahihisho: kwamba kidole kile kilikuwa kosa la mchoraji, kwamba mlango ulifunguka kwa bahati, na kwamba msomaji mmoja makini aliliona hilo mapema. Nimeambatisha maandishi yenyewe, na nimeshayasahihisha.

Nisalimie mchoraji, mtia rangi, yule anayebana kurasa kwa pini, na mlinzi wa mlangoni.

Wako katika usahihi,
Msahihishaji wa prufu, meza ya dirishani

Baada ya saini: Kabla ya kuituma barua hii nilitaka kuhakiki namba ya ukurasa katika toleo la nne, na nakala iko kwa kaka peke yake. Nikaenda. Alifungua mlango mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa barua. Aliisoma yote akiwa amesimama palepale. Halafu akasema, "Mdogo wangu, hata mimi niliona ni kosa tangu siku ile. Nilikubishia tu kwa kuwa wewe ulisema kwanza."

Nikakaa kizingitini. Naye akakaa.

Naomba masahihisho yale msiyachapishe. Katika picha ya mwisho ya toleo jipya, Kishindo anatembea juani bila kivuli. Kaka anasema ni dalili ya jambo kubwa. Mimi nasema wino uliisha. Tulianza saa nne asubuhi na sasa ni alasiri, na wifi ameshatuhamishia viti nje. Kama jibu mnalo, tafadhali, msituandikie.