Uzinduzi wa Bomba la Maji ya Jua katika Hospitali Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu, wenyeviti wa kamati na wa kamati ndogo za kamati hizo, wanahabari mliokwisha kunywa soda, mama zangu wa jikoni, wa kufulia na wa wodi ya wazazi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wenzangu wengi hawana. Mradi huu mkubwa wa kupasha maji kwa nguvu za jua katika viwanda na taasisi ulianza na upembuzi yakinifu, ukafuata upembuzi wa upembuzi ule, semina elekezi kwa wadau, na ziara ya mafunzo ng'ambo, ambako mimi binafsi nilioga maji ya moto asubuhi na jioni kwa niaba yenu. (Vicheko.) Msicheke, ilikuwa kazi! Wataalamu wetu wa sasteinabiliti, yaani uendelevu, wamethibitisha kuwa asilimia mia moja ya jua hutoka juu, nasi, kwa kuona mbali, tukaelekeza mradi kwenye paa.

(Mkunga, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, nina wazazi watatu wamejifungua leo, hawajaoga mpaka sasa! Wanatetemeka! Maji ya moto yako wapi?")

Swali zuri sana, mama, ila punguza jazba. Tazama. (Anafungua bomba. Mvuke. Vigelegele.) Lo! Yanaunguza! Na leo kuna mawingu tangu asubuhi, je, jua lingewaka ingekuwaje? (Mkunga anakuja mbio na ndoo.) Hapana, mama, ondoa ndoo, unawaziba wapiga picha. Acha yatiririke, wananchi waone maendeleo.

Jua! (Letu!) Maji! (Moto!) Kuni! (Kwaheri!) Nani kaleta? (Wewe!) Sikusikia! (Wewe!)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru mama zangu wa jikoni, mliowasha moto wa kuni tangu alfajiri, mkachemsha maji na kuyapandisha ndoo kwa ndoo mpaka kwenye lile tangi juu ya paa. Poleni na moshi. Namshukuru mwalimu mkuu wa shule jirani kwa kutuazima mbao zake za darasani, zile nyeusi mnazoziona zimelazwa kule juu kama paneli. Watoto wavumilie kidogo, maana kesho zinahitajika kwenye uzinduzi wa kiwanda cha maziwa. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wale wazazi watatu, ambao maji yao ya kuoga ndiyo haya yaliyokwisha kumwagika hapa mbele yetu. Hamkuulizwa, lakini nina hakika mngekubali.

Asanteni sana. (Bomba linakohoa, linakauka.) Haya, leteni ngazi, tuzishushe zile mbao.