Pembe ya Mbogo Wangu wa Ruvubu

Alhamisi, 11 Julai
Twahiru makanika anataka kunimaliza. Leo kwenye kahawa, pale mutaani Asiatique, mbele ya wazee wote, ametangaza ameazima basi. Jumamosi twende parki ya Ruvubu kutazama wanyama, tena na mabibi zetu. Halafu akanigeukia, sauti tamu: "Muzee Sulemani, utatuonyesha pale uliuwa mbogo na panga."
Mutego huo! Miaka yote nasimulia ule mbogo, hakuna mutu aliuliza ni pale wapi. Nimesema nitawaonyesha. Ruvubu yenyewe sijafika. Lakini mutu kama mi anaweza kuuwa mbogo hata bila kufika.

Ijumaa, 12 Julai
Akili imekuja. Wengine wanaisomea, mi nilizaliwa nayo. Chini ya kitanda iko pembe kubwa. Nimeipaka oili chafu ya gari na majivu. Sasa ni ya mbogo kabisa. Nitaiangusha kwenye majani, niiokote mbele yao. Mwanvua, bibi yangu, ameuliza nanuka nini. Nikajibu mambo ya wanaume. Akacheka. Kwa nini acheke? Anaongea sana na bibi ya Twahiru.

Jumamosi, 13 Julai
Vumbi njia nzima. Twahiru anaendesha, ananichungulia kwenye kioo. Kule garde, mulinzi wa parki mwenye bunduki, jina Sylvère, akatutembeza kwa miguu. Ati viboko wako mutoni. Sikutazama, nilikuwa nachunga Twahiru. Penye kichuguu nikaangusha pembe, nikaiokota, nikapaza sauti: ndiye huyu!
Sylvère hakushangilia. Akasema kuuwa mnyama wa parki ni kifungo, na kushika pembe yake ni kifungo. Twahiru akaanza kumubembeleza, ati muzee anatania. Ona wivu! Nikasema apana, niliuwa mi, andika jina langu vizuri. Garde akatoa pingu.
Mwanvua akasogea, akainusa pembe. "Bwana garde, huyu ni ngombe wa arusi ya binti yetu Raihana. Supu yake nilipika mi. Twahiru alikula bakuli mbili."
Sylvère alikaa chini kwa kucheka.

Jumapili, 14 Julai
Nimeelewa yote. Twahiru alimununua bibi yangu. Sylvère naye ni mutu wake, na zile pingu ni za kuazima kama basi. Kwenye kahawa sasa naitwa Muzee Supu. Sawa. Kesho nawapa habari ya chui nilimunyonga kule musitu wa Kibira. Wakitaka alama, iko: taya ya mbuzi wetu wa Idi. Nimeshaipaka majivu. Nimeificha pale Mwanvua hafiki, chini ya kitanda.