Mnirudishie Mke Wangu Mwenye Kelele

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Klabu ya Kuteleza Mawimbini.

YAH: KUPUNGUA KWA KELELE NYUMBANI KWANGU

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Hatujawahi kuonana, ila naamini unaifahamu ile pikapu ya kijani inayofika hapo ufukweni kila asubuhi ikiwa na ubao nyuma. Pikapu ni yangu. Ubao ni wa mke wangu. Mke naye nilidhani ni wangu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi: misumari, vitasa, mabomba, rangi na kadhalika. Mke wangu ni mwalimu mkuu msaidizi, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa mtu wa kelele. Silisemi kwa ubaya. Shule nzima ikiwa mstarini yeye huinyamazisha bila kipaza sauti, na akikohoa ofisini wapishi hutazamana. Nyumbani tulikuwa tukigombana asubuhi wakati wa chai na jioni baada ya taarifa ya habari, na katikati tulikuwa tukipigiana simu kumalizia yaliyobaki. Nilikuwa mtu mwenye furaha kubwa, ila sikujua, maana sikupata hata dakika moja ya kimya ya kulifikiria jambo hilo.

Kisha mwaka jana akaleta wanafunzi wake kwenu kujifunza usalama wa majini. Wewe, kwa wema ambao hakuna aliyekuomba, ukamlaza juu ya ubao, ukausukuma kwenye wimbi dogo na kumwambia asimame. Akasimama. Siku hiyo alirudi nywele zimejaa chumvi, goti limechubuka, anacheka peke yake jikoni. Tangu hapo mambo yameniharibikia kwa mpangilio ufuatao:

1. Nyumba yangu imeingiliwa na amani. Juzi niliweka taulo bichi kitandani, upande wake, kwa makusudi kabisa. Zamani taulo la aina hiyo lingetutosha mpaka mwisho wa wiki. Aliliokota, akaenda kulianika, akarudi kuniuliza kama nimelala vizuri. Siku nyingine nikaacha mlango wa friji wazi, nikamwagia chai kitambaa cha meza, halafu nikasema mbele yake kwamba dada yangu anampita kwa mapishi. Akasema ni kweli, dada ana mkono mzuri. Mheshimiwa, nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu: mtu anaishije na jibu kama hilo?

2. Ubao unalala chumbani kwetu. Nimeambiwa jua linauharibu na stoo ina panya. Una mfuko wake wenye sponji ndani, wakati koti langu la harusi limefungwa kwenye mfuko wa saruji. Kila jioni huupaka nta, kwa mviringo, taratibu, akiunong'oneza. Nikaona nisiwe mtu wa kulalamika tu. Dukani nina rafu nzima ya nta ya kung'arishia mbao, nikamletea kopo zuri kuliko yote. Akanieleza kwa upole kwamba nta yangu inatelezesha, na yake kazi yake ni kushika miguu isiteleze. Nikamuuliza, iweje mchezo wa kuteleza upakwe kitu cha kuzuia kuteleza? Swali hilo, enzi zetu, lingetupa ugomvi wa mwezi mzima, na wazazi wa pande zote mbili wangeitwa. Alicheka, akasema ni swali zuri.

3. Haongei lugha ya watu wa nchi kavu. Tukiwa mezani hanitazami mimi, anatazama nguo zilizoanikwa kwa jirani ili ajue upepo unatoka wapi. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, mawimbi husimama vizuri na uso unamng'aa. Ukigeuka, anapumua kwa huzuni na kuniongezea mboga. Nilipomweleza kwamba wateja wamekuwa wachache, aliniambia mawimbi huja kwa makundi, kwa hiyo nisihangaike kuyakimbilia, nikae nisubiri kundi langu. Mwenyekiti, nilimsikiliza. Nilikaa. Kundi lilikuja kweli. Walikuwa watu wa kodi.

4. Dada yangu. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Ukoo wetu ni mkubwa na unapenda kutembelea. Kwa miaka mingi mke wangu ndiye aliyekuwa geti letu. Mgeni akipitisha siku mbili, mke wangu alianza kuuliza mambo: anaondoka na basi la saa ngapi, viatu vyake vyote ni hivi, mbona anaoga sana. Hakuna aliyepitisha tatu. Sasa dada yangu mkubwa amekuja, amekuta utulivu, akaagiza cherehani yake. Baada ya cherehani akaja shemeji. Baada ya shemeji akaja binamu ambaye hata mimi simfahamu vizuri; anatumia mto wangu na anachagua chaneli. Nilimvuta mke wangu pembeni nikamsihi afanye kitu, hata kidogo tu, hata agonge sufuria. Akanishika bega akasema niwaache, bahari inatosha watu wote. Bahari inatosha, Mheshimiwa. Sebule haitoshi.

5. Madhara yamevuka ukuta. Seremala wa nyumba ya pili na mkewe walikuwa wakitusikia sisi wanajipongeza kwa jinsi wanavyoelewana. Tuliponyamaza, wakaanza kusikiana wenyewe. Mke wa seremala amerudi kwao. Ndoa hiyo naihesabu juu ya klabu yako. Shuleni nako hali ni mbaya. Watoto walizoea kufokewa, wanajua fokeo likiisha limeisha. Sasa mwanafunzi akichelewa, mke wangu anamtazama tu, anatabasamu, na kumwambia kesho ni siku nyingine. Watoto wanalia. Wazazi wawili wamekuja dukani kuniuliza kama mwalimu anapanga jambo. Kwa mwendo huu naona shule imefungwa, mtaa umesambaratika, watu wazima wote wa mji huu wamelala kifudifudi juu ya mbao wakisubiri makundi yao, na hakuna aliyebaki wa kununua hata msumari.

6. Hili ni dogo, nilitaka kuliruka. Kabla hajatulia hivi, aliwahi kuniomba nije kumtazama. Mara ya kwanza nilikuwa na mzigo wa kushusha. Mara ya pili kulikuwa na mpira. Mara ya tatu nilikuwa nasoma gazeti, na nikamjibu bila kuliteremsha kwamba mtu mzima kucheza na maji si jambo la kufungia duka. Akasema "sawa." Naliandika neno hilo kama ushahidi tu, kwa sababu halikuwahi kutumika nyumbani kwetu, na tangu litumike hakuniomba tena.

Nikueleze na ukweli wenyewe, maana kwa mtu nisiyemjua ni rahisi zaidi. Naogopa. Akinifokea nilikuwa najua nilipo. Sasa ananipita sebuleni kwa tabasamu lile lile analompa binamu, nami najiuliza kama nami nimekuwa mgeni ambaye mke wangu haoni tena haja ya kumuuliza basi lake ni la saa ngapi. Nampenda mke wangu. Sijawahi kumwambia hivyo, kwani nafasi haikuwapo, alikuwa anaongea.

Kwa sababu hizo, na kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Nimesikia Jumamosi mna mashindano, na mke wangu yumo katika kundi la akina mama. Naomba waamuzi wamwonee. Wamnyime alama waziwazi, kila mtu aone, na ushindi apewe mtu ambaye hakusimama juu ya ubao hata mara moja. Mke wangu havumilii kuonewa. Nina hakika atarudi nyumbani na hasira za kututosha mpaka mwisho wa mwaka, na dada yangu ataondoka Jumapili.

Kama dhamira za waamuzi haziruhusu, basi mawimbi yasimamishwe kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Utasema bahari haiko chini ya klabu. Nalijua hilo. Lakini barua zenu zina muhuri, na mimi sijawahi kuona ofisi yenye muhuri ikashindwa kuzuia jambo zuri.

Na kama hilo pia ni zito, mteueni awe katibu wa kamati yenu. Hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Hakuna binadamu aliyetoka kwenye vikao viwili vya kamati akiwa bado na amani moyoni.

Kwa upande wangu niko tayari kuipatia klabu makopo ya rangi ya bluu ambayo mteja mmoja aliagiza kisha akaghairi. Hii si rushwa. Rangi yenyewe haipendezi.

Nisalimie makocha wote, mlinzi wa lango, mama anayetunza mifuko ya watu, waokoaji kwenye mnara wao, na wanachama wote kwa jumla. Bahari nayo nisalimie, ila kwa kiasi.

Wako katika ukimya usiovumilika,

Mume wa Mwalimu
(mwenye duka la misumari na vitasa)

Tanbihi: Nilisema barua hii niilete mwenyewe, kwa kuwa mambo mazito hayatumwi. Nimekuja asubuhi hii kwa teksi, na viatu vyangu vya dukani, bahasha mkononi. Hata mchanga sijaukanyaga nikasikia sauti. Nikasimama pale pale karibu na mifuko. Ilikuwa inatoka majini, ng'ambo kule yanakovunjikia mawimbi, na ilikuwa inamfokea mtu. Jitu kubwa lenye ndevu lilikuwa limeingilia wimbi lisilo lake. Mke wangu alikuwa akilifahamisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mahali wimbi linapoanzia kuvunjika, kwamba wimbi lilikuwa lake kwa sheria zote, kwamba kama lina shida ya macho likapimwe, na kwamba kuwa na kifua kipana si leseni. Jitu lilikaa juu ya ubao limeinamisha kichwa kama mwanafunzi wa darasa la pili. Mlinzi wako akaniambia ndivyo mwalimu alivyo kila siku, na hakuna anayekubali kuanza mazoezi kabla hajafika.

Fikiria, Mwenyekiti. Mwaka mzima kelele zangu wanapewa watu baki!

Halafu likaja wimbi jingine na mke wangu akalichukua. Sijui niandikeje. Alisimama, magoti yamekunjika kidogo, mikono imefunguka, na wimbi zima likamleta nchi kavu yeye peke yake, bila haraka, kana kwamba alikuwa amelituma. Nilipojitazama nilikuwa majini mpaka magotini, na viatu vyangu.

Aliponiona akaanza. Alianza na duka, nimemwachia nani. Akaja kwenye viatu. Akauliza kwa nini nimesimama katikati ya njia ya watu wanaoingia na mbao, sioni, nataka kuvunjwa meno? Akaendelea mpaka kwenye maegesho. Hapo ndipo aliponiambia kwamba bahari haikumpa upole wowote, kwamba aliacha kugombana nami siku alipochoka kugombana na gazeti, na kwamba alinisubiri mpaka akaacha kusubiri. Nililia kidogo. Nikasingizia chumvi. Akasema chumvi hailii kwa kwikwi.

Naandika haya nikiwa ndani ya pikapu, karatasi juu ya goti lililolowa, naye yuko nyuma anafunga ubao na bado anaendelea. Sasa hivi amefika kwenye mambo ya dada, naamini Jumapili imeshakaribia. Ningeichana barua, lakini ameiona bahasha na ameniamuru niikabidhi, kwani mtu akishaiandikia ofisi hana budi kuipeleka. Hajui kilichomo. Nakuomba sana asijue.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la sita, pamoja na maombi. Mawimbi yaendelee siku zote za wiki. Kamati msimpeleke. Rangi nitawaletea hata hivyo. Jumamosi duka litafungwa na mimi nitakuwa mbele kabisa, viatu mkononi. Na mwamuzi atakayemnyima mke wangu hata nusu ya alama, mfahamishe mapema kwamba miaka yote ile, nyumbani kwetu, hakuwa akigombana peke yake.