Vita vya Rispah na Mshale wa Boila

Sogeeni, enyi mliowahi kuamshwa na baridi ya alfajiri, mtulie niwahadithie siku ambayo Rispah, mlinzi wa magoti ya Bi Kulusumu, alipambana na mshale wa boila katika nyumba ya Marhun huko Mirdif, asikimbie.

Mtauliza, boila ya kupasha nyumba Dubai ya nini? Bi Kulusumu, mzaliwa wa Unguja aliyezeekea Uarabuni, alikuwa na magoti yasiyokubali kukunjika Januari ikiingia. Basi mwanawe Marhun akaagiza mtambo kutoka Ulaya, akautundika stoo, akapitisha mabomba ya maji moto hadi rejeta ya ukutani chumbani kwa mama yake. Mtambo ukazimika mara mbili. Marhun akaapa: "Ukizima tena, khalas, Mama anahamia Maskati kwa dada yangu."

Bibi hakuitaka Maskati, maana huko bintiye humnyima chumvi. Naye Rispah, aliyeajiriwa kwa ajili ya Bibi tu, alijua Bibi akiondoka, yeye atarudishwa kwa wakala wa ajira siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja, Marhun akiwa kazini Silicon Oasis, Bibi akaita. "Rispah mwanangu, ukuta umepoa. Nami Adhuhuri nataka kusujudu, sitaki kusali kitini kama abiria."

Rispah akajifunga leso kiunoni kama avaaye deraya, akaingia stoo. Aboud, dereva wa nyumba, mwana wa Malindi, bingwa wa maneno, akamfuata kwa umbali wa heshima. Na tazama, adui alikuwa pale: mshale mdogo mweusi ndani ya kioo cha geji, umelala kwenye sifuri, hali wajibu wake ni kusimama kati ya moja na mbili. Maji yamepungua mabombani, presha imekufa, na boila, kwa kiburi cha kifalme, imekataa kuwaka.

"Ewe dada Rispah," akanena Aboud, mkono kifuani, "mimi nimekabili malori ya Sharjah bila kupepesa. Lakini kitu chenye moto na maji ndani ya sanduku moja sikikaribii! Tumngoje fundi."

"Fundi amesema inshallah kesho, kaka Aboud, na Bibi anasali leo. Shika ndoo!"

Rispah alikuwa amemwona fundi akifungua koki mbili chini ya boila. Kiasi gani, hakuona, kwani alikuwa akileta chai. Akazifungua. Maji yakanguruma kama jeshi livukalo mto, mshale ukaamka, ukapanda hadi moja na nusu. Hapo ilitosha kabisa. Lakini Aboud, ujasiri ukiwa umemjia ghafla, akapaza sauti: "Yalla, ongeza! Mpe mpaka aombe radhi!" Na Rispah, amelewa ushindi, akaongeza.

Mshale ukavuka mbili, ukavuka tatu, ukaingia penye rangi nyekundu. Bomba la usalama likafoka, likamlowesha Aboud kuanzia kola hadi soksi, naye akatupa ndoo akatoka mbio akimtaja Mola. Rispah akafunga koki zote mbili. Mshale haukushuka vya kutosha, na boila haiwaki presha ikizidi. Akaliona, kwa macho ya moyo, sanduku lake la nguo limesimama mlangoni.

Akaenda kumwungamia Bibi. Bibi akasonya. "Yule fundi naye siku ile alikamua maji hapa pembeni mwa rejeta, akaniharibia zulia. Na kifunguo chake kakisahau. Kimo humo kijalubani mwangu, kwenye tambuu."

Rispah akakitwaa kama atwaaye upanga, akatega bakuli pembeni mwa rejeta, akakichomeka, akakigeuza. Maji meusi yakachuruzika. "Kaka Aboud! Rudi usome geji!"

Na Aboud, amelowa lakini hajatoroka mbali, akarudi stoo, akanadi: "Mbili na nusu! Mbili! Moja na nusu, dada, funga, nakusihi!"

Akafunga. Wakawasha boila. Ikaguna, ikakohoa, ikawaka.

Adhuhuri, Rispah, muumini wa kanisa, si wa msikiti, alisimama mlangoni amebana pumzi, hadi paji la uso la Bibi likagusa mswala, na Bibi akainuka bila kushikwa mkono.

"Vizazi vitasimulia!" akatangaza Aboud, akikamua shati.

"Vitasimulia," akasema Bibi, akijipepea kwa kanga. "Ila joto humu sasa limezidi, mwanangu. Hebu niwashie AC kidogo."

Na mshindi wa Mirdif akaenda kutafuta rimoti, kwa mwendo wa malkia.