Jinsi Ilko Mwenye Fagio Refu Alivyokikomboa Kina cha Bwawa Lake

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za uani, miguu peku, natoa kokwa za aprikoti za kupikia jamu. Laiti ningejua kwamba historia iko njiani inakuja na ndoo mkononi, ningechana angalau nywele.

Sogeeni basi! Sogeeni ninyi mnaokaa mbali na milima yetu ya Rodopi, huku Bulgaria, na ninyi majirani mnaojifanya mmeshasikia. Zimeni redio, mwekeni paka chini, funikeni sufuria. Nawasimulia vita vikuu vya nyuma ya nyumba yetu, kati ya Ilko baba yangu, Ilko mwenye fagio refu, Ilko mvaa kaptura asiyeogopa baridi wala aibu, na Mwani, adui asiye na uso, asiye na mguu, aliyeingia bwawani bila kupiga hodi akaligeuza supu ya mchicha.

Lazima kwanza mjue shujaa alikuwa anapigania nini. Baba yangu anakaa kwa wakwe zake. Kwetu mwanamume wa namna hiyo ana jina lake, na si jina zuri. Wanaume wanalisema pale mkahawani akishapita, na yeye analisikia kwa sababu wanalisema kwa sauti. Nyumba ni ya Bibi Tsonka, mama yake Mama. Kitanda ni cha Bibi. Hata kikombe anachonywea kahawa kimeandikwa jina la babu, na babu alishafariki. Chini ya jua lote kitu kimoja tu kilikuwa cha Ilko: lile bwawa la kuogelea, alilolichimba mwaka jana wakati Bibi amekwenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu magoti.

Alilichimba wapi? Katikati ya pilipili hoho za Bibi.

Bibi Tsonka, malkia wa pilipili, bwana wa mitungi isiyohesabika, ambaye mchuzi wake mzito wa pilipili umewafunga midomo hata watu wa mji wa Plovdiv, alirudi na magoti mapya akakuta shimo. Hakulia. Afadhali angelia. Majira yote ya baridi hakutaja neno. Ila Pasaka, mbele ya mwanakondoo na ukoo mzima, alisimama akatangaza sheria: siku ya Iliya Mtakatifu, ambayo ndiyo siku ya jina la Baba, wageni wakija bila kualikwa kama ilivyo desturi, yeye atadondosha sahani nyeupe ndani ya bwawa. Ikionekana chini, bwawa libaki. Isipoonekana, shimo linafukiwa na pilipili zinarudi nyumbani kwao.

"Nakuletea zawadi ya siku ya jina, shemeji," akasema Mjomba Rangel, kaka yake Mama, mwenye lori. "Udongo mweusi. Mtamu mpaka unaweza kuula na kijiko."

"Uule wewe," akasema Baba.

"Nitaujaza mapema, usije ukasema nimechelewa."

Basi kiangazi chote Baba alipigana. Alimwaga klorini kama mtu anayelisha kuku. Alipiga mswaki kuta za bwawa mpaka zikamwonea huruma. Jioni maji yanaonyesha dalili ya kutii, Baba analala anatabasamu. Asubuhi, kijani. Kijani kilekile, na mara nyingine kimezidi. Na siku niliyokuwa natoa kokwa ndiyo ilikuwa mkesha wa Iliya Mtakatifu, na ukiingiza mkono kwenye bwawa kufikia kiwiko, vidole huvioni.

Ndiyo maana asubuhi hiyo shujaa aliamka kabla ya jogoo. Alitaka kumvizia Mwani akiwa bado na usingizi. Akatoka ananyata, kandambili mkononi zisipige kelele, fagio begani kama mkuki, akazunguka kona ya nyumba, na hapo akasimama kama aliyepigwa na radi.

Bibi Tsonka alikuwa ameinama ukingoni mwa bwawa, anachota maji kwa ndoo. Na kutoka kisimani mpira wa maji ulikuwa umelala kwenye nyasi, mdomo wake bwawani, unatiririka.

"Mama," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba sana kwa shujaa. "Unafanya nini hapo?"

"Namwagilia. Ulidhani nacheza harusi?"

"Kwa maji ya bwawa langu?"

"Bwawa lako kwenye shamba la nani, mkwe wangu?" Bibi akanyoosha mgongo taratibu. "Maji ya kisima ni ya baridi, yanazishtua pilipili. Haya yameshalala juani, ni vuguvugu kama maziwa. Na mimi siibi. Ninachochota nakirudisha. Huo mpira hapo huuoni? Kila asubuhi nakujazia, na hata ahsante sijaisikia."

"Kila asubuhi?"

"Tangu Mei."

Baba alikaa kwenye nyasi. Maana maji ya kisima chetu, wasikilizaji wangu, yanapita chini ya mashamba ya mahindi ya kijiji kizima yakinywa mbolea njiani, na yana chokaa kiasi kwamba birika letu limeota jiwe ndani. Ilko wangu alikuwa anamuua Mwani jioni, na alfajiri mama mkwe anampelekea Mwani kifungua kinywa.

Akainuka. Akalisimika fagio ardhini. Akanena:

"Ewe Tsonka binti Gavril! Nimezisugua kuta hizi mpaka mabega yamelia! Nimekosa mechi, nimekosa usingizi, nimechekwa na watu wanaokunywa kahawa kwa kukopa! Na muda wote huo, kumbe jeshi la adui linapikiwa jikoni kwangu!"

"Jikoni kwangu," akasema Bibi.

"Unamlisha, Mama! Unamnenepesha!"

"Na wewe je?" Bibi akatua ndoo, na hapo nikajua mambo yamekuwa mambo, kwa sababu Bibi hatui ndoo ikiwa imejaa. "Humo umetia nini? Njoo. Njoo uone, jemadari."

Akamshika mkono wa fulana akamburuta mpaka kwenye ule mstari mmoja wa pilipili uliobaki kando ya ua. Nami nikafuata na bakuli langu, kwa mbali kidogo. Pilipili zilikuwa za kusikitisha. Majani ya manjano, kingo zimeungua, matunda madogo kama vidole vya mtoto.

"Nilidhani ni ugonjwa," Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia sauti yake ikitetemeka. "Nimemwita padri. Padri amekuja na magoti yake mabovu, ameninyunyizia maji ya baraka mstari mzima. Halafu mimi mpumbavu asubuhi yake namwagia klorini yako juu."

Wakatazamana. Tawala mbili kubwa, kila moja imekuwa ikiiangamiza nyingine kwa wema na kwa juhudi, kiangazi chote, bila kujua.

"Wewe mtoto," Bibi akanigeukia ghafla, "unacheka?"

"Natoa kokwa, Bibi," nikasema. Mkononi nilikuwa na kokwa.

Mkataba wa amani ulifanyika pale pale, wote wamesimama, bila kikombe cha kahawa. Bibi hatachota tena bwawani. Mpira wa kisima utafungiwa ghalani, na ufunguo utakaa mahali ambapo hakuna mwanamume mwenye akili atakayeutafuta, yaani kifuani kwa Bibi. Ila sahani ya kesho iko palepale.

"Sheria ni sheria," Bibi akasema. "Rangel ameshajaza lori."

"Ameshajaza?"

"Tangu juzi. Amelifunika na turubai ili udongo usikauke. Ni mwanangu, ana moyo."

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Baba alichovya kijikaratasi cha kupimia majini, na kikageuka zambarau kama joho la askofu. Chokaa! Chokaa ilikuwa imeyalevya maji, na kwenye maji yaliyolewa namna hiyo klorini inalala usingizi, hata uimwage gunia. Lazima kwanza yatiwe uchachu yarudi kwenye akili. Basi shujaa akajivika silaha: miwani yangu ya kuogelea yenye pomboo pembeni, na glavu za pinki mpaka kiwiko.

"Ilko!" Mama akapiga kelele dirishani. "Hizo glavu zangu za vyombo!"

"Historia itakulipa, mke wangu!"

"Historia inaosha vyombo?"

Alikuwa ameshabeba ndoo ya asidi, anazunguka bwawa polepole, anaimwaga kidogokidogo, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayemlisha simba. Pampu ikanguruma. Maji yakazunguka. Akachovya kijikaratasi kingine. Zambarau, lakini ya woga. Akazunguka tena. Akachovya tena. Kikawa chekundu cha aibu, halafu taratibu kikatulia kwenye rangi ya chungwa, ndiyo rangi ya maji yenye akili, na Baba akakileta mbio mpaka kwenye ngazi, akakiweka kando ya aprikoti niliyoishika.

"Rangi ziko sawa?" akaniuliza, kwa kunong'ona.

Nikaangalia. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanibusu utosini, glavu na yote, nikanuka asidi mpaka jioni.

Jua lilipozama, maana jua nalo linaila klorini na hatukutaka adui wa pili, akamwaga klorini. Safari hii iliamka. Kesho yake ndiyo mngeona! Lakini kabla ya hapo aliongeza ile dawa inayowakamata wafu wadogowadogo, inawashikamanisha na kuwazamisha, akazima pampu, akatangaza amri ya kutotoka nje: asipite mtu, asipite paka, lisianguke jani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki anayalinda maji dhidi ya upepo.

Na kulipopambazuka, enyi watu, juu palikuwa kioo. Chini, zulia la kijivu: Mwani na ukoo wake wote, wamelala.

Kazi iliyobaki ndiyo iliyokuwa ya kutisha kuliko zote, kwa sababu ukiwatikisa wanafufuka, na bwawa linakuwa maziwa. Baba aliliteremsha fagio la kufyonza kama mtu anayemvua kofia mtoto aliyelala. Alitembea kando ya ukingo hatua ya konokono. Hakupiga chafya, ingawa pua ilimwasha, niliona. Bomba likawatapika wafu kwenye mtaro wa barabarani, na majirani waliokuwa wanaelekea kanisani wakaruka juu ya mto wa kijivu bila kujua wanaruka juu ya jeshi lililoshindwa.

Mchana wageni wakaja, kama wanavyokuja, na maua na chupa za rakia, pombe kali ya matunda ya kutengeneza nyumbani, kila mtu akidai yake ndiyo kali. Wakakusanyika kuzunguka bwawa. Bibi Tsonka akatoka jikoni na gauni lake la Jumapili na sahani ya harusi yake, nyeupe, yenye maua ya buluu pembeni. Jogoo wa sikukuu alikuwa anaungua kwenye oveni na hakuna aliyekwenda kumwangalia.

Bibi akanyoosha mkono. Akaachia.

Sahani ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikashuka kama jani lisilo na haraka, ikagusa chini. Nikasikia fagio la Baba likidondosha maji.

Bibi akainama. Akavaa miwani. Akainama zaidi, mpaka Mama akamshika nyuma ya gauni.

"Kuna ufa," akasema hatimaye.

"Nini, Mama?" akauliza Baba.

"Pale ukingoni, karibu na ua la tatu. Kuna ufa mwembamba kama unywele. Nani amepasua sahani yangu?"

Kelele iliyopigwa pale, nadhani Plovdiv waliisikia. Walimbeba Baba. Babu mmoja wa mkahawani, mmoja wa wale wenye kulisema lile jina, alimwita kwa jina lake kamili, Ilko Vartolomeev, akavua kofia, na kofia hiyo haijawahi kuvuliwa hata kwenye mazishi. Iandikwe basi popote mambo makubwa yanapoandikwa kwamba siku ya Iliya Mtakatifu, katika kijiji chetu, maji yalionekana mpaka ufa. Na Baba, machozi yakimtoka, akapiga hatua za kukimbia ili ajitupe ndani.

"Wapi!" Bibi akanguruma. "Leo Iliya Mtakatifu! Leo maji hayaingiwi, hata ya kwenye beseni, mtakatifu asije akazamisha mtu!"

Kila mtu akakumbuka. Kila mtu akarudi nyuma hatua moja. Basi tukasimama kuzunguka bwawa safi kuliko yote katika nchi ya Bulgaria, jua linatuchoma, tunaliangalia tu, na sahani iko chini hakuna wa kuitoa mpaka kesho.

"Kesho utanichimbia mstari mwingine wa pilipili," Bibi akamwambia Baba kwa sauti ya chini, na akamwekea rakia kwenye glasi. "Mbali na dawa zako."

"Popote unapotaka, Mama."

"Na Rangel umemwambia?"

Baba akaweka glasi chini bila kuionja. Akatoa simu, vidole vimekunjamana kwa maji, nami nikachungulia begani kwake akiandika: *Shemeji sahani imeonekana mpaka ufa. Mama ni shahidi. Udongo usilete, geuza lori.*

Akatuma. Tukasubiri. Mama akampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Ujumbe uko vilevile, haujasomwa, na Baba amekwenda kusimama katikati ya lango na fagio lake.