Sukari ya Naila na Ulinzi Wangu wa Uani

Jumatatu, 1 Julai 2024

Nimetoka kliniki na binti yangu Naila. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Amekuja kujifungulia kwetu Kibaha, kama desturi inavyotaka. Mumewe Halidi alikuwa zamu kiwandani Zegereni, dada yangu Faudhia alikuwa msibani Dutumi. Nikabaki mimi. Mzee mzima, benchi moja na wajawazito! Nilishika kadi yake ya kliniki kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake.

Nesi Bertha hajui kunong'ona. Alieleza mbele yangu kwamba sukari ya Naila imepanda kwa sababu ya mimba. Asubuhi kabla ya kula ni 5.9, na inatakiwa isifike 5.3. Apunguze wali na vitamu. Atembee robo saa kila baada ya mlo, mwendo wa kuweza kuzungumza bila kuhema. Tarehe 15 watamwangalia tena. Isiposhuka, ataanza sindano za insulini. Kisha akaingia kwenye habari za misuli ya nyonga. Nilitazama feni ya dari. Ina mapanga matatu, moja limepinda.

Nieleze jambo. Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za tumbo. Hata kwa mafumbo. Maneno hayo yana njia yake, na njia hiyo ni shangazi. Mama yake hayupo tena duniani. Kwa hiyo jioni nilimweleza Faudhia yote, pamoja na mchoro wa kongosho. Akasema amesikia. Kusikia si kutenda!

Naila anaogopa sindano tangu utotoni. Darasa la pili alimng'ata mchanjaji. Na sukari isiposhuka mtoto hunenepa tumboni, uzazi ukawa mgumu. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na mmoja. Kujua mno si raha.

Baada ya chakula cha jioni nilikaa uani kushuhudia. Naila alipita, akaniona, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa. Robo saa ya kutembea: sifuri.

Jumatano, 3 Julai

Kama siwezi kusema, naweza kutenda. Saa moja asubuhi nimefunga koki ya maji kule kwenye mita. Hesabu yangu: wataona bomba kavu, Naila atatumwa kwa jirani Telesphory kuuliza kama na kwake yamekatika. Mita mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Nadhifu.

Faudhia hakumtuma mtu kuuliza. Alinipa ndoo mbili.

Safari nne! Nilisahau kwamba maji hayaji bila ndoo, na ndoo haibebwi na mjamzito. Safari ya tatu Telesphory aliuliza mbona kwake yanatoka na bomba letu ni moja. Nikamweleza habari za mwinuko na shinikizo la maji. Akajibu kwa upole kwamba nyumba yangu ndiyo iko bondeni. Sikupenda sauti yake.

Niliporudi mara ya mwisho nilimkuta Naila amesimama uani, jasho usoni. Aliponiona akaketi upesi, akaniamkia, akavuta kanga. Joto, nadhani. Mwezi wa saba!

Alhamisi, 4 Julai

Faudhia humpima kila asubuhi kwa kimashine, hubandika namba kwenye friji. Leo 5.6. Imeshuka. Sijui kwa nini. Pengine ni kiu ya jana. Siku kumi na moja zimebaki. Haitoshi. Hila kubwa zaidi inahitajika.

Ijumaa, 5 Julai

Ee Mola.

Brighton ni dereva wa bajaji, baba wa watoto watatu, mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimwagiza: ukimrudisha Naila kutoka sokoni, jifanye umeishiwa mafuta mita mia mbili kabla ya nyumba. Mia mbili! Brighton alikuwa mtoto wa kuongeza bidii hata asipoombwa. Akataka kunifurahisha. Ameishiwa "mafuta" kilomita mbili kabla. Saa saba mchana.

Naila alitembea, kisha akaona giza. Aliketi kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alimpa maji, akampigia Faudhia. Tukakimbia naye kliniki.

Nilikaa nje saa nzima. Sikuweza kuuliza kama mtoto anacheza. Baba haulizi. Nesi Bertha alipotoka nilimwuliza kama huko ndani kuko salama. Akasema kuko salama, moyo unapiga vizuri, wote wawili. Nikaenda nyuma ya jengo kupenga kamasi.

Niliporudi, Nesi alinieleza, kama ninavyoeleza mimi, pole pole. Kutembea ni dawa, jua la saa saba si dawa. Asubuhi au jioni, kivulini, na maji ya kunywa. Akiona kizunguzungu, damu, maji yanavuja, kifua kinauma au tumbo linabana, asimame na aje. Akataka kujua ni nani aliyemshusha mjamzito njiani. Nikasema bajaji za siku hizi hazina uhakika.

Jioni Brighton alipiga simu kuuliza kama amefaulu. Nimempa sifuri.

Jumamosi, 6 Julai

Habari zimefika Kisarawe kabla ya alfajiri. Saa tatu Bi Kudra, mama yake Halidi, yuko mlangoni na kikapu cha viazi vitamu. Hakuketi. Alisema alisikia Mwalimu amefundisha watoto wa watu miaka thelathini, hakudhani wa kwake angemwanika juani kama muhogo.

Nikasema thelathini na mmoja.

Akaendelea. Mimba ya kwanza haitembezwi barabarani, ina macho ya watu. Mimba hulazwa, hulishwa. Yeye alizaa saba na hakuwahi kutembea robo saa kwa saa ya mtu. Faudhia akamkumbusha taratibu kwamba alizaa saba huku akipanda vilima vya Kisarawe na kuni kichwani. Bi Kudra akasema hiyo ilikuwa kazi, si mazoezi.

Hukumu yake: tarehe 15 sindano zikianza, anamchukua Naila siku hiyo hiyo, arobaini itakaliwa Kisarawe. Naila alikuwa mlangoni, anasikia. Alishika tumbo kwa mikono miwili, na mimi nikatazama viazi.

Namba ya leo ni 5.4. Hata baada ya jana!

Jumapili, 7 Julai

Hila zote zimenishinda kwa sababu moja: sikuwepo kusimamia. Nimehamishia meza yangu uani. Ninakaa hapo tangu chai hadi isha, gazeti mkononi. Hakuna kiazi kitakachopita bila mimi kukiona. Naila akitembea nitaona, asipotembea nitaona. Sayansi huanza na kuangalia.

Jumatatu, 8 Julai

5.6. Imepanda. Naila hakutembea hata hatua moja ya ziada. Alichungulia dirishani mara tatu, akarudi. Nimezidisha ulinzi. Chakula cha mchana nimeletewa mezani kwangu.

Jumatano, 10 Julai

Jana 5.8. Leo 6.0! Siku tano zimebaki. Naila amelia chumbani, nimemsikia. Faudhia amepita mbele yangu mara nne akigonga sufuria bila sababu. Mimi sibanduki. Kesho nitaanza kabla ya chai.

Alhamisi, 11 Julai

Faudhia amebeba kiti changu. Nikiwa bado nimekishika. Amekipeleka nje ya geti, akarudi kuchukua gazeti, akasema hata hilo gazeti ni la mwezi wa tatu.

Kisha akanimwagia yote. Tangu usiku ule wa mchoro wa kongosho wamekuwa wakitembea, yeye na Naila, kuizunguka nyumba, kila baada ya mlo, kila nikitoka. Siku ya ndoo walipata nafasi nzuri kuliko zote. Sasa nimekaa katikati ya uani kama msoma mita. Akauliza, hivi kaka, mtoto wa kike akatupe miguu na tumbo lake mbele ya macho ya baba yake? Nani alimfundisha haya? Si wewe?

Nikaanza kueleza tofauti kati ya haya na afya. Akasema, "Kaka, toka."

Nimetoka. Mtu na shahada yake, kwenye geti lake! Baada ya chai nilikwenda mpaka barabara kuu na kurudi. Baada ya mchana vivyo hivyo. Baada ya futari ya Faudhia, aliyefunga Alhamisi yake, tena. Sina pengine pa kwenda. Miguu inauma.

Jumatatu, 15 Julai

Sikulala. Tumefika wa kwanza. Bi Kudra alikuwa ameshatangulia, na begi tupu la nguo za Naila magotini.

Naila alitoa kidole huku amefumba macho. Nilitaka kuushika mkono wake. Nikashika kadi.

Nesi Bertha alisoma, akapokea namba za kila siku kutoka kwa Faudhia, akahesabu kwa kalamu. Polepole! Hata mimi sijawahi kusahihisha mtihani polepole hivyo. Leo 5.0. Tangu Ijumaa zote ziko chini ya 5.3. Sindano hakuna. Aendelee kutembea hadi siku yake.

Naila alifumbua macho akanitazama mimi, si shangazi yake. Akasema, "Ahsante, baba." Sikuuliza ya nini. Bi Kudra alikunja begi lake mara nne.

Nimelitafakari jambo hili kitaalamu. Sukari ilishuka mara tu baada ya ulinzi wangu kwisha. Ni wazi kwamba ulinzi ulifanya kazi kwa kuchelewa, kama mbolea.

Jumamosi, 24 Agosti

Msichana! Jumanne, kilo tatu na gramu mia moja, salama. Sukari ya Naila imerudi mahali pake. Nesi Bertha amesema apumzike, kisha atembee kidogo kidogo kadiri anavyojisikia, na ile misuli aibane na kuiachia kila siku. Arobaini ni kupumzika, si kifungo. Baada ya wiki sita wampime tena, maana sukari ya namna hii hupenda kurudi miaka ya mbele. Haya yote niliyasikia kutoka varandani, kwa heshima.

Bi Kudra amekuja kukaa nasi arobaini yote. Wakati wa kungoja, Nesi Bertha alimpima na yeye sukari. Iko juu! Ameambiwa atembee kila siku. Tangu jana yuko juu ya mkeka, anasema vilima vya Kisarawe alishavipanda vya kutosha.

Kumwambia siwezi. Mkwe haambiwi habari za mwili wake. Faudhia ameniomba, kwa kiapo, nisiingilie. Nisiingilie! Na ya Naila ilishushwa na nani?

Adhuhuri, Bi Kudra akiwa amelala, nimechukua kandambili yake ya kushoto, nikaificha nyuma ya banda la kuku. Ataizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuiona. Hatua mia mbili na arobaini. Nimezipima mwenyewe.

Ameamka. Anatafuta. Amesimama... ameketi tena. Anamwambia Faudhia aniite nikamtafutie.